Dhamana ya Maisha, Bila Maswali

Roundup, Montana
3 Juni 1997

Kwako Marlys,

Mimi ni mzima, na ukisikia vingine ujue ni uzushi wa watu wa kanisani. Mvua ya mawe ilipita wiki iliyopita ikailaza ngano yote ya Lund, yangu ikaiacha. Lund akaja kunilalamikia barazani nusu saa nzima, utadhani mimi ndiye niliyeituma. Kaburi la wifi yako Ardith nimelisafisha, limependeza. Wanawake wa kanisa hawajaacha kuniletea lile bakuli la viazi na nyama ya kusaga lenye jibini juu. Nampa mbwa, na mbwa naye siku hizi ameanza kuchagua.

Sasa nikuambie kilichonifanya ninunue stempu. Ndani ya boksi hili kuna kalibu ya kiwanda chenu, ile ya kurudishia ganda la risasi umbo lake baada ya kupigwa. Ganda limenasa ndani. Nimevuta mpaka mkono wa mtambo ukanung'unika, na kitako cha ganda kimekatika chote. Miaka thelathini na sita najaza risasi zangu mwenyewe juu ya meza yangu, fataki, baruti na kichwa, na kalibu haijawahi kuning'ang'ania ganda namna hii. Siku hizi mnasugua chuma kwa kitu gani, kwa gunzi la mahindi? Zamani Pelkey ilikuwa na mafundi, sasa naona ina watu wa kupaka rangi maboksi.

Nilitaka kupiga simu, nikakumbuka mambo yenu. Kwanza muziki wa gitaa. Kisha mashine inakuambia ubonyeze moja. Kisha binti mwenye sauti ya asali anakuuliza siku yako inakwendaje. Ingekuwa inakwenda vizuri ningempigia yeye kwa lipi? Na hata hivyo simu siisikii, inavuma tu. Ndiyo maana nakuandikia wewe, kwa kuwa ndugu yangu wa tumbo moja ameamua kumalizia uzee wake kwenye dawati la kuwabembeleza wajinga.

Nirudishie haraka. Mwanao Dell anakuja Oktoba kuwinda kulungu kama kila mwaka, na nataka risasi zake ziwe tayari mapema. Unajua huwa simpi mtoto wa dada yangu takataka za dukani.

Ni mimi kaka yako,
Orrin

*

Pelkey, Vyombo vya Kujazia Risasi
Dawati la Dhamana
Ord, Nebraska
19 Juni 1997

Kaka Orrin,

Nimefurahi u mzima. Mimi pia mzima, ila goti la kushoto linanitabiria mvua kuliko redio. Mahindi ya huku yamefika magotini. Dell yuko bado kwenye mitambo ya mafuta kule Williston, analala kwenye nyumba ya mama mmoja anayekodisha vitanda, anasema chakula ni kibaya na malipo ni mazuri. Barua haandiki. Kwa hilo amefanana nawe kabla hujaanza kugombana na kiwanda.

Kalibu yako hii hapa. Ganda nimelitoa kwa mkono wangu, kazi ya dakika tano. Kaka, lilikuwa kavu. Hukupaka mafuta. Halikuwa na hata tone, toka mdomoni hadi kiunoni. Chuma kinang'aa kama siku kilipotoka hapa.

Ungekuwa mteja nisingekuambia. Ningekuandikia: Asante kwa kutufahamisha, pole kwa usumbufu, tumekuwekea na pini mpya bila malipo. Ndivyo tunavyowaandikia wote. Juzi bwana mmoja wa Georgia ametuletea kalibu yenye ganda limenasa, ndani ya ganda imekatikia bisibisi, na pembeni ya bisibisi imekatikia keekee. Ameandika kwenye karatasi: "Ilikuja hivi kutoka dukani." Nikamwandikia asante kwa kutufahamisha. Mwingine alioka mtambo mzima kwenye oveni ya mkewe ili rangi ikauke, mpini wa plastiki ukayeyukia kwenye mkate. Huyo naye alitaka mpini mpya, na alitaka na mkate. Mpini tulimpa.

Hiyo ndiyo sheria ya nyumba. Mzee Pelkey aliiandika mwenyewe ukutani juu ya dawati langu, kwa herufi nyekundu: HATUULIZI. Dhamana ya maisha, bila maswali. Mtu akivunja, tunatoa kingine. Mtu akisema chombo kimemkosea, tunasema pole. Nimekaa chini ya neno hilo miaka kumi na nne na nimekwisha kuamini kwamba hakuna mwanamume hata mmoja nchi hii aliyewahi kusahau kitu. Vyuma ndivyo vinavyosahau.

Ila wewe nakuuliza kwa sababu si mteja. Ulimwahidi Ardith utakwenda Billings kwa daktari wa macho. Umekwenda?

Dada yako,
Marlys

*

Roundup
28 Julai 1997

Marlys,

Huku ni joto na nzige. Ng'ombe mmoja amezaa mapacha, mmoja amekufa, mwingine ananifuata kama mkusanya kodi. Lund ameuza trekta. Nimefurahi, lilikuwa linavuja mafuta kwenye njia yangu.

Kuhusu yale mafuta ya kupaka ganda: nilipaka. Labda yalikauka njiani, posta ya Nebraska inajulikana.

Sasa ni mizani. Nakurudishia ile mizani yenu ya mkono, kwa sababu imeanza kusema uongo. Nimejaza risasi tano za kujaribu kwa bunduki yangu, baruti ya uzito wa chembe arobaini na saba, kipimo kilekile nilichompimia Dell tangu akiwa na chunusi. Nilipopiga ya kwanza, komeo la bunduki liligoma kufunguka. Ilibidi niligonge kwa kiganja. Ya pili ikagoma zaidi, na fataki ikatoka imelala bapa kama sarafu. Sikupiga ya tatu, mimi si yule bwana wako wa Georgia. Baruti imezidi, mtoto angeliona hilo. Na kama mimi nimepima arobaini na saba na baruti imezidi, basi aliyekosea ni mizani.

Najua watu wenu watasema mawe yalisogea kwenye lori. Kwa hiyo nimewafungia mlango. Mawe yote mawili, yale yanayosogezwa pengo kwa pengo kwenye mkono wa mizani, nimeyabandika kwa utepe palepale nilipoyaweka mimi: kubwa kwenye arobaini na tano, dogo kwenye mbili. Waambie wataalamu wenu wasiguse utepe. Waweke uzani wao wa kupimia, wajionee aibu yao, kisha wakuandikie barua wewe wakikuomba msamaha na wewe uniandikie mimi.

Nataka ileile, mpya. Usinitumie kitu cha betri.

Orrin

*

Pelkey, Vyombo vya Kujazia Risasi
Dawati la Dhamana
Ord, Nebraska
14 Agosti 1997

Mteja wetu mpendwa Bwana Haugen,

Asante kwa kutufahamisha. Pole sana kwa usumbufu. Kuridhika kwako ndiyo fahari yetu. Pamoja na barua hii utapata mizani mpya ya aina uliyokuwa nayo, bila malipo yoyote, nasi tunakutakia msimu mwema wa uwindaji.

Haya, sehemu ya kulipwa mshahara imekwisha. Kaka, hakuna wataalamu. Unafikiri kuna chumba cha wazee waliovaa makoti meupe wanaongojea mizani yako? Tuko wanawake wanne, feni moja na pipa. Kinachoingia kinatupwa kwenye pipa, kipya kinatoka. Kukagua ni ghali kuliko kutoa, na ukikagua utajua, na ukijua itabidi umwambie mtu, na hilo Mzee Pelkey alilikataza. Utepe wako mtamu uko pipani na takataka nyingine. Ulijisumbua bure.

Dell amepiga simu. Atatoka Williston moja kwa moja mpaka kwako, ile Ijumaa kabla msimu haujafunguliwa. Anasema umwekee maboksi matatu, safari hii anataka kukaa wiki nzima. Anakupenda kwa sababu ambazo nimeshindwa kuzielewa.

Billings je?

Marlys

*

Roundup
12 Septemba 1997

Marlys,

Baridi ya asubuhi imeanza. Kanisani wamepata mchungaji mpya, ana viatu vya michezo. Ndama wa pacha amekua na amekula kofia yangu.

Mizani yenu mpya imefika. Niliipima kwa makusudi, nikapanga mawe yangu kama siku zote, nikamimina baruti ya zile risasi tatu za Julai nisizozipiga. Inasema sawasawa na ile ya zamani, chembe kwa chembe. Mizani mbili haziwezi kusema uongo mmoja. Kwa hiyo nimekaa nikafikiri kama mtu mzima: ni komeo. Grisi ya zamani iliganda kwenye njia yake. Nimelifungua, nimelisafisha kwa mafuta ya taa, limelainika. Hivyo mizani yenu ya kwanza huenda nimeionea, ingawa siombi radhi kwa pipa.

Risasi za Dell ziko tayari. Maboksi matatu, kila boksi nimeliandika jina lake. Nimejaza taratibu, jioni mbili, kazi safi. Sijamjazia mtu risasi nzuri hivi tangu Ardith alipokuwa ananishikia taa.

Umeuliza kuhusu Billings. Billings ipo palepale ilipokuwa.

Na jambo la mwisho. Acha kuniandikia kwa mashine ya ofisi, kwenye karatasi yenye nembo. Mimi si mteja wako. Mama alikuwa na mwandiko, Ardith alikuwa na mwandiko, hata Lund ana mwandiko na Lund ni mpumbavu. Wewe vidole vyako Pelkey amevinunua pia? Mtu akitaka kuniambia kitu cha maana aniandikie kwa mkono wake.

Orrin

*

Ord
1 Oktoba 1997

Kaka Orrin,

Haya. Nakuandikia nyumbani, kwa mkono wangu, kwa kalamu ya mama, mezani jikoni. Nembo hakuna. Unisome mpaka mwisho hata kama utaitupa baadaye.

Barua yako ya Septemba nilichelewa kuifungua, nilikuwa kwa mama mkwe. Nilipoisoma nilicheka mpaka pale uliposema mizani mbili zimesema sawasawa. Hapo kicheko kikaniishia. Nikaenda kazini siku ya mapumziko, nikalipindua lile pipa sakafuni. Mwangalizi akaniuliza nimerukwa na akili? Nikamwambia hapa hatuulizi maswali, akaondoka. Mizani yako ilikuwa chini kabisa, na utepe wako juu yake, hakuna aliyeugusa.

Mizani ni nzima, kaka. Nimeweka uzani wetu wa kupimia mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Ni nzima. Ila jiwe kubwa haliko kwenye arobaini na tano. Liko kwenye hamsini. Umelibandika kwa mkono wako pengo moja mbele, na ukaandika kwa mkono wako kwamba ni arobaini na tano. Arobaini na saba yako ni hamsini na mbili. Na mpya ukaipanga vilevile, ndiyo maana zimekubaliana. Hazikusema uongo hata moja. Zilipima kile ulichoziambia.

Unajua mwenyewe chembe tano za ziada za baruti ile zinafanya nini. Sisi tuna picha, ziko kwenye droo ambayo wateja hawaonyeshwi. Kuna ya bwana mmoja wa Arkansas, bunduki imefunguka kama kopo la dagaa, na sina haja ya kukuambia uso wake ulikuwaje. Naye alikuwa na dhamana ya maisha. Tulimwandikia mkewe pole kwa usumbufu.

Huoni, Orrin. Sijui tangu lini. Huoni na unalijua hilo. Ulisahau mafuta kwa sababu hukuona kwamba ganda ni kavu, ukalaumu kalibu. Komeo lilikugomea mkononi, likakuambia wazi, ukalaumu mizani, kisha grisi. Umelaumu posta, kiwanda, na kama Ardith angekuwepo ungemlaumu kwa kushika taa vibaya. Wewe ni mzee mwenye kiburi kisicho na kazi yoyote ya kufanya, na kiburi chako kimejaza maboksi matatu na kuyaandika jina la mwanangu.

Nina mtoto mmoja tu. Ukimpa risasi hizo utaniulia, nami sitakusamehe, si kaburini kwako wala kaburini kwangu. Usimpe. Zing'oe zote. Sema lolote unalotaka, mwambie panya wamezila, mwambie mimi ni mwongo. Usimpe tu.

Naogopa. Nimeandika neno hilo kwa kuwa usoni pako nisingelisema.

Nijibu.

Marlys

*

Ord
20 Oktoba 1997

Orrin,

Sijapata jibu. Nimekupigia simu mara nne, mara tatu haikupokelewa, na ya nne umesema "Halo, halo, sinunui kitu" ukakata. Nimempigia Lund aende mlangoni kwako. Amenipigia kusema alikwenda, nawe ukamwambia kama amekuja kuhusu mvua ya mawe arudi kwake, na hukufungua. Wale wa Williston wanasema Dell ameshalipa kitanda na kuondoka, alitaka kupitia kwa rafiki yake njiani. Hawajui rafiki ni nani.

Kama umenuna, nuna. Nuna mpaka Krismasi. Lakini niandikie mstari mmoja kwamba umezing'oa.

Ijumaa naingia garini. Utaniona Jumamosi, utake usitake.

Marlys

*

Roundup
27 Oktoba 1997

Marlys,

Huu ni mwandiko wa mwanao. Mimi nasema, yeye anaandika. Yuko mzima, ana vidole vyote, na amemaliza nyama yangu yote ya kukaushwa. Nimemwambia aanze na hilo ili usirushe karatasi hewani.

Redio imesema dhoruba ya theluji imefunga barabara zote za Nebraska na simu zenu zimekatika. Tumepiga tangu Jumamosi, hakuna kitu. Kwa hiyo uko nyumbani umekaa dirishani unanitukana. Vizuri, endelea, nimeyastahili kiasi.

(Mama, ni kweli amesema "nimeyastahili". "Kiasi" ameongeza baadaye. Dell.)

Barua yako ya mkono ilifika tarehe sita. Niliiona ni ndefu. Niliiweka mezani chini ya kopo la kahawa. Sikuisoma, Marlys. Usianze kupiga kelele. Sikununa. Sikuweza. Zile za mashine zina wino mweusi, nikizisogeza dirishani saa sita mchana na lile lenzi la Ardith la kushonea naokota neno moja moja mpaka naelewa. Mwandiko wako ni ukungu wa bluu tu. Niliuomba mwenyewe, najua. Nilitaka kujua kama bado ninaweza.

Ya pili ilipokuja nayo nikaiweka juu ya ya kwanza. Lund angenisomea, lakini Lund angeisoma na kanisani pia. Nikasema Dell yuaja. Akishapata kulungu wake, tukishakula, nitamwambia nisomee habari za mama yako, kama mtu anayefanya uvivu tu.

Alifika Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi tukatoka nyuma ya ghala kujaribu bunduki yake, karatasi tumeigongomea kwenye nguzo mita mia. Nikampa boksi la kwanza. Akaweka risasi ndani, akafunga komeo, akaegemea gunia la mchanga.

Nikamwambia ngoja.

Sikuwa nimesoma hata neno lako. Ila mkono wangu ulikumbuka lile komeo la Julai lilivyogoma, na mkono wangu si kipofu. Nilisimama pale nyuma yake nikajaribu kujiambia ni grisi. Nilijiambia hivyo Agosti yote na Septemba yote nikaamini. Jumamosi nilimwona jinsi alivyolaza shavu juu ya kitako cha bunduki, hilo niliona, shavu ni kubwa. Nikashindwa kuamini. Nikamwambia toa risasi, twende ndani kwanza, kuna barua ya mama yako na miwani yangu sijui nimeiweka wapi.

(Miwani alikuwa ameivaa.)

Andika ninachosema, wewe mtoto, usiandike unachokiona.

Akasoma. Alisoma vizuri mpaka kwenye hamsini na mbili. Kisha akaendelea kusoma, kwa sababu nilimwambia asiruke kitu, na alisoma yote: Arkansas, kiburi, kaburi langu na kaburi lako. Dell alisoma habari za kuuawa kwake mwenyewe kwa sauti ya kusomea tangazo la mnada. Alipofika pale unaposema una mtoto mmoja tu alisimama akaenda kumimina kahawa, na kahawa haikuwepo. Mimi nilibaki nimekaa. Sikuwa na la kulaumu. Nilitazama chumba kizima nikatafuta, hakuna.

(Mama, alisema "nisomee tena pale pa pengo". Nikamsomea tena.)

Hakuniuliza kitu. Hilo ndilo lililoniuma. Alitafuta nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi, tukakaa mezani mpaka jioni, mimi nagonga, yeye anapima baruti ya kila moja kwenye mizani yenu mpya. Nilimwambia hatuhitaji kupima, tung'oe tu. Akasema anataka kujua. Hamsini na mbili. Hamsini na mbili. Zote, Marlys, hakuna hata moja iliyopotea njia. Nilikuwa nimezijaza vizuri sana.

Baruti tumeimwaga kwenye bustani ya Ardith. Jana ilikuwa ufunguzi, na mwanao amepanda mlimani na boksi la risasi za dukani, tumelinunua mjini, lina picha ya kulungu anayetabasamu. Takataka. Zinapiga inchi mbili kushoto. Amerudi mikono mitupu, na kesho atajaribu tena. Mimi nilikaa garini na thermosi. Sikuona mlima, niliona kitu cheupe na kitu cha bluu, nikajua mlima ni kile cha chini.

Alhamisi ananipeleka Billings. Usiniandikie kuhusu hilo. Usimwandikie mchungaji. Usimwandikie Lund.

Mtambo umebaki mezani umefungwa bolti, Dell anasema atajifunza, mimi nitakaa pembeni nimseme. Atakuwa na kazi. Ana vidole vya mfanyakazi wa mafuta, anashika fataki kama anashika kunguni.

(Mjomba, kunguni nimeandika.)

Na mwambie huyo Pelkey wako. Andika hivi, Dell, andika kwa herufi safi zinazoonekana. Mimi niliirudisha mizani yenu nikasema inasema uongo. Mizani ni nzima. Orrin Haugen amesema. Mizani ilikuwa nzima tangu mwanzo.

(Nimeandika, Mjomba.)

Nisomee.

(Nimemsomea, Mama. Akasema nimsomee tena.)